MACHO MEKUNDU SI KOSA

Nchi ya Usukuma ni nchi tajiri. Mwadui imetoa almasi tangu Bwana Williamson alipoigundua mwaka 1940. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu siku za Mwingereza mpaka 1966, na mwaka 2000 mgodi mkubwa ukafunguliwa tena. Mwaka uliofuata ukaanza wa Bulyanhulu. Pamba ya Shinyanga imevaliwa na watu wasiojua hata jina la Shinyanga. Ng'ombe hatuwataji, maana kila mtu anawajua. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 iliwakuta watu 2,977,608 katika Mkoa wa Geita na 2,241,299 katika Mkoa wa Shinyanga. Hii si nchi ya kulia njaa.

Basi twauliza: kwa nini katika nchi hii hii, jua likianza kutua, bibi kizee aliyelima pamba miaka 50 huingia ndani, hufunga mlango wake wa mabati kwa kamba, na kukaa kimya akisikiliza miguu ya watu nje?

Kila mtu wa kwetu anajua jibu, lakini wengi hawapendi kulisema mchana. Anaogopa panga. Anaogopa kwa sababu mtoto wa jirani ameugua, na mganga ameulizwa, na mganga amesema aliyemroga ni mwanamke mzee anayekaa upande fulani, mwenye macho mekundu.

Jambo hili si la jana, wala si uvumi wa watu wa mjini. Hesabu za serikali, alizozichunguza mtaalamu Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zaonyesha kuwa kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wanaume walikuwa 1,407 na wanawake 2,286. Sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na wakati huo Geita ilikuwa wilaya ya Mwanza. Mwaka 2013 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu zaidi ya watu 700 nchini kwa mwaka mmoja tu. Tangu hapo hesabu imepungua, nasi twashukuru. Lakini mtu asije akatuambia kwamba kupungua ni kwisha.

Kwanza tuseme juu ya hayo macho.

Mwanamke wa Kisukuma huanza kupika akiwa msichana, naye huendelea mpaka mikono inapokataa. Anapikia wapi? Ndani, penye dirisha dogo au pasipo dirisha. Anapikia nini? Kuni zikiwapo, kuni. Zisipokuwapo, hutumia mabua ya pamba, na yakiisha, samadi kavu ya ng'ombe. Ye yote aliyewahi kuinama juu ya moto wa samadi anajua moshi wake unavyouma. Mtu akiinama juu ya moto huo asubuhi na jioni kwa miaka 50, macho yatakuwaje? Ongeza vumbi la kiangazi, ongeza vikope visivyotibiwa, ongeza mtoto wa jicho. Mganga wa hospitali akimtazama bibi huyo huona mgonjwa. Mpiga ramli akimtazama huona fedha.

Na kuni zilikwenda wapi? Hapa pana historia ambayo vijana wengi hawakufundishwa. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, chini ya Bwana Swynnerton, ilianza kufyeka misitu ya Shinyanga kwa sababu ya mbung'o. Watu waliitwa kwa maelfu, kupitia kwa machifu wao, wakakata miti. Mbung'o walipungua, ng'ombe wakaongezeka, kisha ikaja pamba nayo ikataka mashamba, na miti iliyobaki ikaliwa na mashamba hayo. Ilipofika miaka ya 1980 watu wa nje walikuwa wakiiita Shinyanga jangwa. Mwanamke mzee hana miguu ya kwenda maili nane kutafuta kuni. Huokota kilicho karibu, na kilicho karibu ni mavi ya ng'ombe. Kwa hiyo, mkitaka kuufuata wekundu wa macho ya bibi mpaka kwenye mzizi wake, hamtafika kwenye uchawi. Mtafika kwenye visiki.

Lakini Wasukuma hawakukaa wakalia. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, nao haukuleta ufundi mgeni sana. Uliwarudisha watu kwenye ngitili, yaani yale malisho ya akiba ambayo babu zetu waliyafunga ili yapumzike. Miti ikachipua yenyewe. Baada ya miaka kama 20 ngitili zilikuwa zimefunika zaidi ya hekta 300,000. Twalitaja jambo hili kwa sababu watu hupenda kusema kuwa ngitili ni habari ya ng'ombe na mvua. Sisi twasema ni habari ya wazee pia. Kijiji chenye ngitili karibu na kaya ni kijiji ambacho bibi anapata kuni kavu bila kupitwa na siku, na jiko banifu la udongo lenye bomba la kutolea moshi, ambalo fundi wa kijijini hulijenga kwa siku moja, humwondolea nusu ya machozi yake. Mashirika ya wazee, kama MAPERECE ya Magu na wenzao wa HelpAge, walilijua hilo mapema. Walijenga majiko, wakajenga nyumba, wakawafundisha wasaidizi wa sheria katika vijiji. Kazi hiyo haikuhitaji wataalamu wa kutoka ng'ambo, wala dhahabu ya Geita nzima.

Sasa tuseme lile ambalo watu hawapendi kulisikia. Macho mekundu ni kisingizio. Mara nyingi nyuma ya bibi anayeitwa mchawi pana shamba.

Mume amefariki. Mjane amebaki na eka kumi, ng'ombe watano, na nyumba. Mtoto wa kaka wa marehemu anataka kuoa, naye hana ardhi. Au shamba limeonekana lina mawe yenye dhahabu, na rashi imeanza ng'ambo ya kilima. Watu wanachimba maduara usiku na mchana, na karasha zinalia. Shamba ambalo jana halikuwa na bei, leo lina bei. Mwenye shamba ni mwanamke mzee asiyetaka kuhama, kwa sababu mumewe amezikwa pale. Hapo ndipo mtoto wa ukoo huugua ghafula, na ndipo mganga hupata njozi.

Sheria nayo imewasaidia wenye tamaa. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963, ambalo lingali linatumika katika makabila mengi ya Bara, linamnyima mjane urithi wa mumewe akiwa na watoto, na kumweka binti mwisho wa mstari. Wajane wawili waliofukuzwa majumbani mwao kwa mila ya Kisukuma walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ilikubali kwamba mila hiyo ina ubaguzi, lakini haikuifuta. Wakaenda mpaka Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ikasema Tanzania imekiuka mkataba iliotia sahihi yenyewe. Hatuoni fahari kwamba wajane wa Kisukuma walilazimika kutafuta haki yao Geneva. Na twawaambia wanachama: mjane mwenye miaka 30 asiye na haki juu ya shamba, ndiye yule yule atakayekuwa bibi wa miaka 70 anayetishwa kwa panga. Ni mtu mmoja.

Iko Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Hiyo inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi ya kijiji, na kijiji chaweza kutoa hati ya haki miliki ya kimila kwa jina lake. Ni vijiji vingapi vya Msalala, Nyang'hwale na Mbogwe ambavyo vimewaandikia wajane wazee hati zao? Halmashauri ya kijiji isiyoshughulika na jambo hili, huku ikikutana kila mara kugawa viwanja vya wageni wa machimbo, yafaa iulizwe inamtumikia nani.

Na wapiga ramli tuwaite jina lao. Wakati wa kupigania uhuru tulikuwa na neno moja kwa mtu anayeishi kwa damu ya wenzake: kupe. Mganga wa mizizi anayemtibu mtu tumbo hatumgusi, tena kazi yake twaiheshimu. Lakini mpiga ramli chonganishi haponyi. Anauza jina la mtu. Wanaotafuta utajiri wa haraka katika machimbo na katika mialo ya samaki ndio wateja wake wakubwa. Biashara hiyo hiyo ndiyo iliyowageuza ndugu zetu wenye ualbino kuwa windo, kuanzia miaka ya 2006 na 2007, na kuitia nchi hii aibu mbele ya dunia nzima. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku ramli hizo, na wapiga ramli wengi wakakamatwa. Vizuri. Lakini mpiga ramli akifungiwa Geita huhamia Bukombe, na wateja wake humfuata kwa pikipiki. Marufuku ya Dodoma haifiki mbali kama hakuna mtu kijijini aliye tayari kusimama na kusema, fulani amekuja, anakaa kwa fulani.

Twakumbuka pia yaliyojaribiwa zamani, maana wako wanaosema kwamba dawa ni nguvu tu. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwatoa watu wa Shinyanga katika kaya zao zilizozungukwa na minyaa, mbali mbali, ikawapanga kwenye mistari. Shabaha ilikuwa njema: shule, maji, zahanati. Lakini watu waliokuwa na ugomvi wa zamani walijikuta ukuta kwa ukuta, na ugomvi haukupungua. Kisha mwaka 1976 mauaji ya vikongwe yalipozidi, wakuu wa Mwanza na Shinyanga walifanya operesheni ya kukamata. Mamia ya watu walitiwa ndani. Waliteswa, na wengine wakafia mikononi mwa wale waliotumwa kulinda uhai. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa sababu ya mambo hayo, ingawa si yeye aliyempiga mtu. Peter Siyovelwa naye alijiuzulu, na wakuu wa mikoa hiyo miwili pia. Mzee Mwinyi akaja kuwa Rais mwaka 1985, na nchi haikumdharau kwa kujiuzulu kwake. Ilimheshimu zaidi. Kiongozi wa leo ambaye mzee ameuawa katika eneo lake, naye asijue hata jina la marehemu, aisome habari hiyo mara mbili.

Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaja sungusungu, waliozaliwa huku huku Kahama na Nzega. Waliwakomesha wezi wa ng'ombe ambao polisi walishindwa kuwakomesha, na hilo hakuna atakayewanyima. Lakini katika siku zao za kwanza hawakuwafuata wezi tu. Waliwafuata pia wanawake waliodhaniwa wachawi. Ndiyo maana hatukubali shauri la kusema, waachieni sungusungu. Sungusungu wawe walinzi wa mlango wa bibi, lakini wasiwe mahakimu wake.

Iko pia Sheria ya Uchawi, tuliyorithi kutoka kwa Mwingereza tangu 1928. Watu wengi hudhani sheria hiyo ni ya kuwaadhibu wachawi. Wajue kwamba hata kumtaja mwenzio kuwa mchawi ni kosa ndani ya sheria hiyo hiyo. Hakuna jambo linalovunjwa hadharani zaidi ya hilo, hata misibani, hata mbele ya mtendaji wa kijiji. Upande mwingine sheria hiyo inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumhamisha anayetuhumiwa. Matokeo yake ni kwamba wa kuhama ni bibi, na wa kubaki ni waliomtishia. Huo ni ulinzi wa namna gani? Wapo wazee waliomalizia siku zao katika makazi ya serikali ya Kolandoto na Bukumbi. Twawashukuru wanaowahudumia huko, lakini hatutaki makazi hayo yawe jibu letu. Mzee ana kwao.

Watu wengine watasema: haya ni mambo ya polisi, chama kina kazi nyingine. Sivyo. Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa baraza la mchanganyiko walilowekewa na Mwingereza. Walitembea kwa miguu mpaka Mwanza, wakakaa siku nyingi mbele ya wakuu, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Chama kilikuwa kimezuiwa Usukuma wakati huo. Watu walitembea hata hivyo. Waliokuwa vijana katika safari ile, wanaume kwa wanawake, leo kama wapo hai wamepita miaka 80. Wanawake wa vyama vya ushirika vya pamba, waliobeba marobota kwenda mizani ili Mzee Paul Bomani na wenzake wapate nguvu ya kumshinda mlanguzi, ndio bibi zetu hawa. Macho yao mekundu yaliiona bendera ya mkoloni ikishuka. Na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipomkataa anayeishi kwa jasho la mwenziwe, halikumhesabu mzee asiyejiweza kuwa mnyonyaji. Lilisema hao ni haki yao kutunzwa.

Basi watunzwe kwa nini? Si kwa maneno. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na kwamba asiye na uwezo atibiwe bure. Kwenye hospitali tumeona maandishi ukutani: mpishe mzee kwanza. Ni maandishi mazuri. Bibi akiisha kupishwa huandikiwa dawa, na dawa mara nyingi haipo, naye hutumwa duka la dawa akiwa hana shilingi. Haja yake ni kupishwa na kupata dawa.

Wenzetu wa Zanzibar walithubutu. Aprili 2016 walianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 shilingi 20,000 kila mwezi, pasipo kuulizwa kama alikuwa mkulima au karani, na baadaye wakaipandisha ikafika 50,000. Kenya nayo ilianza mwaka 2018 kuwalipa wazee wake wa umri huo shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Huku Bara tunao mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, nao umewafikia wazee wengi, lakini unafuata kaya, haumfuati mzee. Na pencheni ya mwezi ina faida ambayo haiandikwi katika vitabu vya hesabu. Bibi mwenye shilingi 20,000 mkononi hununua sabuni, humnunulia mjukuu daftari, humlipa kijana wa jirani amlimie. Kijana anayetegemea kibarua cha bibi huyo hatakubali kwa urahisi kuambiwa kwamba bibi ni mchawi.

Watauliza fedha itoke wapi. Swali hilo laweza kuulizwa Ngara au Liwale, lakini Geita haliulizwi. Halmashauri zenye migodi hupokea ushuru wa huduma kutokana na mauzo. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, kila mgodi hauna budi kupatana na halmashauri kila mwaka juu ya kazi za kuwasaidia wananchi wanaouzunguka. Tumeona madarasa na zahanati kutokana na fedha hizo, nasi hatuvidharau. Lakini ni mpango gani wa mwaka ulioandika nyumba za wajane wazee, zenye mlango wa mbao na komeo la ndani? Tena, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mzee hana fungu. Watasema bibi aingie katika kikundi cha wanawake. Na ni kikundi gani kitamkubali mtu wa miaka 75 awe mdhamini wa mkopo?

Fedha peke yake haitalinda usiku. Zamani mzee wa Kisukuma hakuwa mtu wa kukaa peke yake ukingoni mwa kijiji. Elika ya vijana ililima shamba lake, banamhala walikuwa na kiti chao, na dagashida haikuamua jambo kubwa bila wao. Leo vijana wako Nyarugusu, Mgusu na Rwamagasa kwenye maduara, na wamemwachia mama yao watoto wanne wa kulea. Hatuwalaumu kwa kutafuta riziki. Twawalaumu wale wanaopata fedha, wakanunua pikipiki na redio, na nyumba ya mama ikabaki ya nyasi, umbali wa nusu maili kutoka kwa jirani wa kwanza. Mama akipigiwa hodi usiku wa manane, nani atamsikia?

Kwa hiyo, kabla ya mkutano ujao wa tawi, twataka makatibu wa matawi yote ya Shinyanga, Kahama, Msalala, Geita, Nyang'hwale, Mbogwe na Bukombe wafanye jambo moja. Waandike majina ya wazee wote wanaokaa peke yao katika vijiji vyao. Kando ya kila jina waandike: mlango wake ni wa nini, jirani wa karibu yuko hatua ngapi, shamba ni la nani na hati ipo au haipo, mara ya mwisho alipimwa macho lini, na kama amewahi kutishwa, kwa barua au kwa mdomo. Orodha hiyo isomwe mbele ya wanachama, isipokuwa habari za vitisho, ambazo zipelekwe polisi siku ile ile, na nakala ibaki tawini ili polisi wasije wakasema hawakuambiwa. Kisha tawi liamue ni nyumba ipi itaanza kuwekwa mlango, na nani ataleta mbao. Diwani aalikwe, aulizwe mbele ya watu kuhusu fedha za mgodi. Mtendaji wa kijiji aulizwe kuhusu hati.

Matawi yatakayoanza yatuandikie, nasi tutachapisha majina ya matawi hayo katika ukurasa huu.